Karema na Mahali Patakatifu pa Ziwa Tanganyika: Maswali ya Wasafiri wa Wampembe na Ufipa

Mvua zikikatika na mahindi yakishaingia ghalani, watu wa mwambao wetu, kuanzia Kala na Wampembe hadi Ninde, Kipili na Kirando, huanza kuzungumza safari. Wengine wana harusi Namanyere, wengine wanapeleka dagaa Sumbawanga. Wapo pia wanaotamani kufika Karema, mahali ambapo bibi na babu zao walipataja kwa heshima kana kwamba wanataja jina la mkwe. Kwaya huuliza, vijana wa jumuiya huuliza, walimu wa historia huuliza. Nimekusanya hapa maswali yanayorudiwa mara nyingi nikayajibu kwa kadiri ninavyoyafahamu mambo yenyewe. Mengine yanamhusu Mkatoliki, lakini mengi yanamhusu yeyote mwenye kutaka kujua kusini-magharibi ya nchi hii imetoka wapi.

Karema kuna nini hasa?

Kuna misioni ya zamani, kanisa lake, makaburi, na mabaki ya historia iliyoanza kabla mapadre hawajafika. Agosti 1879 afisa wa Kibelgiji, Kapteni Ernest Cambier, alifika hapo kwa niaba ya chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akajenga boma juu ya kilima kando ya ziwa. Wabelgiji walikuwa wakitafuta kituo cha kuvukia kwenda Kongo. Walijaribu hata kuwatumia tembo kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo wanne wa Kihindi walishushwa Msasani, Dar es Salaam, mwaka huohuo, pamoja na walezi wao kutoka India, wakatembezwa kuelekea bara. Watatu walifia njiani. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, mwezi Desemba, naye hakuishi muda mrefu. Aliyeongoza msafara huo, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 alipokuwa njiani kurudi pwani.

Boma lile lilikula watu. Kapteni Jules Ramaeckers, mmoja wa wakuu wake, alifia hapohapo mwaka 1882. Mwaka 1885 Leopold aligeuzia macho yake yote Kongo, na Karema ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Hivyo misioni ilianzia ndani ya ngome. Mgeni anayeshangaa kwa nini mahali pa sala pamekaa kama mahali pa vita anaona kweli: kuta zilijengwa kwa ajili ya bunduki, na sala ikazikuta zimesimama.

Jambo moja huwachanganya wageni wengi. Wanasoma kwamba boma lilijengwa kando ya maji, kisha wanafika na kuona ziwa liko mbali. Cambier alipojenga, maji ya Tanganyika yalikuwa juu sana, kwa sababu mto Lukuga, unaoyatoa kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa kwa muda mrefu na mchanga na majani. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa ndani ya miaka michache na kuacha tambarare pale palipokuwa na mawimbi. Sisi wa Wampembe hatuhitaji kufundishwa kwamba ziwa lina tabia hiyo. Miaka hii ya karibuni limepanda tena, likameza nyumba na mialo kuanzia Bujumbura hadi kwetu.

Kwa nini watu wapaite chimbuko?

Kwa sababu Kanisa Katoliki la Rukwa na Katavi yote limetokea hapo. Askofu wa kwanza wa eneo hili, Jean-Baptiste Charbonnier, aliwekwa wakfu Kipalapala karibu na Tabora mwaka 1887, na mwaka uliofuata akafariki Karema. Aliyemfuata, Léonce Bridoux, naye alifariki mwaka 1890. Wa tatu, Adolphe Lechaptois, alidumu. Aliongoza kuanzia 1891 hadi alipofia Karema mwaka 1917, na wakati wake misioni zilipanda kutoka ziwani hadi juu Ufipa. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kuhusu watu wa mwambao huu, na ndani yake Wafipa wamepewa kurasa nyingi. Ni kitabu cha mtu wa zama zake, kina hukumu ambazo leo zingetuudhi, lakini anayetaka kujua mila za babu zake zilivyoonekana kabla ya Vita ya Kwanza hawezi kukipita.

Jimbo lenyewe liliitwa Karema kwa miaka mingi. Charles Msakila aliteuliwa kuwa askofu wake mwaka 1958, kabla nchi haijapata uhuru. Makao yalipohamia Sumbawanga, jina nalo likabadilika mwaka 1969. Kisha mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda, na Karema ikaangukia huko. Nayasema haya kwa sababu yana faida ya moja kwa moja kwa msafiri: kikundi kinachotoka parokia ya Rukwa kinakwenda jimbo jingine na mkoa mwingine. Barua ya utambulisho iandikwe na paroko wenu, ipelekwe kwa paroko wa Karema mapema, na kama mnataka misa yenu wenyewe, liombwe hilo katika barua hiyohiyo. Kufika watu arobaini bila taarifa na kutegemea kulala darasani si ujasiri, ni kuwatwika wenyeji mzigo.

Wakristo wa kwanza wa Karema walikuwa nani?

Swali hili haliulizwi vya kutosha. Tunazoea kuhesabu maaskofu na tarehe zao, huku waliojaza kanisa hilo mwanzoni wakiwa watu wasio na majina makubwa. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa. Miaka ile misafara ilivusha watu kutoka Manyema na Kongo kupitia ziwa hili, wakaelekezwa Ujiji, Tabora na pwani. Mapadre walinunua watu kutoka kwenye misafara hiyo, hasa watoto, wakawalea misioni, wakawafundisha, wakawaoza wao kwa wao, wakawapa mashamba kuzunguka boma. Pamoja nao walikuja waliokimbia vita, wajane, na familia zilizotafuta ukuta wa kujificha nyuma yake.

Tuseme wazi kwamba historia hiyo ina pande mbili. Mtoto aliyekombolewa alipona mnyororo, na kupona huko kulikuwa uzima kamili, hakuna wa kukubeza. Lakini pia hakuulizwa kama anataka kukaa misioni, wala hakuna aliyeweza kumrudisha kwa mama yake. Ukitembea Karema, makaburi yenye maandishi ni ya wachache. Waliochoma matofali, waliobeba mawe, waliolima mashamba ya misioni wamelala bila bamba. Nawasihi wanaopeleka wanafunzi wasimame hapo kwa muda na kulisema jambo hilo kwa sauti, kabla ya kwenda kupiga picha mlangoni mwa kanisa.

Atiman, ambaye hospitali ya Sumbawanga ina jina lake, alikuwa nani?

Watu wa Rukwa wamelazwa katika Hospitali ya Dk. Atiman, wamejifungulia humo, na wengi wanadhani ni jina la Mzungu aliyetoa fedha. Adrien Atiman alikuwa Mwafrika, naye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko mapadre wakamnunua na kumweka huru. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na wazo la kuwafundisha vijana Waafrika utabibu ili waende kuhudumu ndani ya bara. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasomea udaktari huko katika miaka ya 1880.

Mwaka 1889 alifika Karema. Hakuondoka tena. Alioa mke Mbende, wakapata mtoto, Joseph, ambaye baadaye akawa padre. Alitibu watu kwa dawa alizosomea na kwa mitishamba aliyojifunza kwa wenyeji, kuanzia zama za Wajerumani hadi zama za Waingereza, hadi alipofariki Aprili 1956 akiwa mzee wa karibu miaka 90. Hiyo ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Wakati anaanza, hapakuwa na barabara ya gari kufika huko, na mgonjwa alikuja kwa mtumbwi au kwa machela. Jijini Dar es Salaam nyumba ya Mapadre Weupe iliyoko katikati ya jiji inaitwa Atiman House kwa heshima yake.

Kaburi lake liko Karema. Kwangu mimi, kama mtu ana nusu saa tu ya kukaa mahali hapo, aitumie hapo. Mtu aliyeuzwa utotoni alifika kwenye ziwa ambalo bado lilikuwa likipitisha watumwa, akaamua kuishi kwa kuwatibu watu wa upande huu. Hakuna jiwe katika Karema lenye uzito kuliko hilo.

Mimi si Mkatoliki. Naruhusiwa kuingia?

Ndiyo. Kanisa Katoliki halimfungii mlango Mmoraviani, Mpentekoste, Mwislamu wala asiye na dini, mradi aingie kwa adabu. Hutalazimishwa kupiga goti wala kujichovya maji ya baraka. Ukikuta misa inaendelea, kaa viti vya nyuma, simama wanaposimama, na usiende kupokea komunyo, kwa kuwa hiyo ni kwa Wakatoliki waliojiandaa. Taa ndogo inayowaka karibu na tabenakulo inamaanisha kwamba kwa waamini hapo kuna uwepo mtakatifu, kwa hiyo usipite mbele yake ukicheka wala usisogee kugusa vitu vya altare. Mwislamu mwenye wasiwasi wa dini yake amuulize sheikh wake kabla ya safari. Anayeona ni afadhali abaki uwanjani atakuta mengi ya kutazama nje, na wenyeji wake hawatamhesabu kuwa amekosa adabu.

Mavazi ni yale ambayo ungevaa kwenda msibani au kwa wakwe. Mama avae gauni refu au ajifunge kitenge, mwanamume avue kofia anapoingia. Kaptura za kuogelea na fulana zisizo na mikono zibaki kwenye mkoba.

Watu huuliza kama wavue viatu. Kanisani hapana. Msikitini ndiyo, kila mtu anajua. Kwa Makalasinga ndiyo pia, na huko hata mwanamume hufunika kichwa. Hekalu lao la Makindu, kando ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa, lilijengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliofanya kazi katika reli, na hadi leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, hula chakula bure na kupewa mahali pa kulala. Wameifuata desturi ya mji wao mtakatifu wa Amritsar huko India, ambako jiko la hekalu kubwa huwalisha maelfu ya watu kila siku, tajiri na fukara wakikaa chini mstari mmoja. Nimeutaja mfano huo kwa sababu wapo wanaodhani kila mahali patakatifu pana jiko la namna hiyo. Parokia ya Karema ni parokia ya kijijini. Nendeni na chakula chenu au mkubaliane bei ya kupikiwa na akina mama wa hapo, na sadaka mtakayoacha iwe ya hiari lakini isiwe ya aibu.

Naweza kupiga picha?

Nje, kwa kawaida hakuna neno, lakini omba ruhusa kwanza. Ndani ya kanisa muulize paroko, katekista au anayetunza sakristia, na wakati wa ibada zima simu kabisa. Makaburini piga picha ya jiwe ukitaka, lakini usikae juu yake wala usiegemee msalaba ili upate picha nzuri. Watu wanaosali, wagonjwa na watoto wa shule wasipigwe bila idhini, hata kama picha ni ya kutuma kwenye kundi la jumuiya tu. Na kwenye bandari au kituo chochote cha serikali usitoe simu kabla hujaambiwa unaruhusiwa. Karema sasa ina bandari iliyojengwa kwa ajili ya biashara na Kongo, na si kila pembe yake ni ya kupigwa picha.

Inasemekana Wazungu walificha mali chini ya majengo ya zamani. Ni kweli?

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Tangu Wajerumani waondoke katika Vita ya Kwanza, habari ya mali yao imezunguka nchi nzima. Kwetu inasemwa kuhusu Kasanga, ambako walikuwa na kituo walichokiita Bismarckburg, inasemwa kuhusu misioni, inasemwa hata kuhusu miti mikubwa yenye alama. Mtu anakuja na ramani kuukuu, au na kifaa cha kulia kikikaribia chuma, au na mganga. Anawaahidi vijana wa kijiji mgawo. Wanachimba usiku. Wanachokipata ni misumari, maganda ya risasi, labda rupia moja yenye picha ya Kaisari. Wanachokiacha ni msingi wa ukuta uliolegea na kaburi lililofunguliwa.

Fikiria hali halisi ya Karema. Boma liliachwa na Wabelgiji kwa makabidhiano, si kwa kukimbia. Mapadre waliopokea walikuwa wakiandika barua kila mara kuomba msaada wa kununulia dawa na kukomboa watoto. Hizo si dalili za watu wenye dhahabu ya kufukia. Na Wajerumani wa Kasanga walizingirwa na Waingereza Juni 1916, wakatoroka usiku. Anayekimbia kwa mitumbwi gizani hana nafasi ya kuchimba shimo la siri na kupanda mti juu yake.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba, kuondoa, kuharibu au kuuza vitu vya kale bila kibali. Haijalishi kwamba shamba ni lako. Ukikuta kitu unapolima, kama chungu cha ajabu, chuma cha zamani, au mifupa, kiache palepale, weka alama, na umwambie mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike kwa wahusika wa mambo ya kale. Kitu kikishatolewa ardhini na kusafirishwa kwenye gunia hakina tena habari ya kutueleza, hata kama mtaalamu bora atakishika mkononi.

Ukiona wageni wanachimba kwenye makaburi ya misioni au kwenye milima ya mizimu, toa taarifa. Wale waliolala pale ni ndugu za watu.

Nifikeje kutoka Wampembe?

Njia ni mbili, na kila moja ina gharama yake ya mwili.

Ya kwanza ni nchi kavu: kupanda mteremko kutoka ziwani hadi uwanda wa juu, kufika Namanyere, kuifuata barabara kuu kuelekea Mpanda ukipita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha kutoka Mpanda kushuka tena hadi ziwani Karema, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Yaani unapanda mlima ili uushuke kwingine. Wakati wa masika kipande cha Wampembe hadi juu huharibika vibaya, na magari hukaa siku nzima kwenye tope. Ndani ya hifadhi usishuke kwenye gari hovyo, hata kama twiga yuko karibu na watoto wanalia wamwone.

Ya pili ni ziwa. Kwa miongo mingi watu wetu waliitegemea Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na kurudi kazini mwaka 1927 chini ya Waingereza. Wampembe hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali, mitumbwi ikaizunguka, na abiria wakapandishwa pamoja na magunia ya dagaa. Kabla ya kupanga safari kwa meli yoyote, ulizia bandarini Kasanga au Kigoma kama inatembea na kwa ratiba gani. Usiitegemee ratiba ya mwaka jana.

Wengi husafiri kwa maboti ya injini kutoka kijiji hadi kijiji. Hapa kuna jambo linalopaswa kufikiriwa vizuri. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ndipo barabara zinapokauka na watu wanapokuwa na nafasi, lakini ndicho kipindi ambacho upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kulichafua ziwa. Masika upepo huo hutulia, lakini dhoruba za ghafla huja na mvua. Hakuna mwezi ambao ziwa hili ni la kuchezea. Kwa hiyo nahodha akisema leo hatuendi, msimshawishi kwa kumwongezea pesa. Kila abiria awe na boya lake la kuvaa, mtoto awe na la saizi yake, boti isijazwe, na mzigo usiwekwe juu ya maboya ambayo hayatapatikana yakihitajika. Mwenye boti asiyekuwa na maboya mwachieni safari yake. Kikundi kinachokwenda kusali kisiwe sababu ya msiba.

Kati ya njia hizo mbili, kwa kikundi chenye wazee na watoto ningechagua barabara, pamoja na urefu wake.

Sina uwezo wa kufika Karema. Hapa karibu kuna nini?

Kuna mengi, na mengine ni ya zamani kuliko Karema. Karibu na Kipili, juu ya kilima, yamesimama magofu ya kanisa la kimisioni, na ukiwa hapo unaviona visiwa vyote vya mbele. Kasanga kuna mabaki ya kituo cha Wajerumani. Ukiendelea kusini unakutana na maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200, na ambako wataalamu wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu takriban miaka 476,000 iliyopita. Ng'ambo ya mpaka, Niamkolo karibu na Mpulungu, kuna kuta za kanisa la mawe lililojengwa na Waprotestanti wa Kiingereza mwaka 1895 na 1896, likaachwa mwaka 1908 kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kwenda huko unahitaji hati ya kusafiria. Pitieni Uhamiaji kabla ya kupanda boti, na muulizie na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Juu Ufipa bado yapo malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo babu zetu waliyeyusha chuma bila mivukuto, hewa ikijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kuyeyusha chuma kulikuwa kazi yenye miiko: kulikuwa na dawa zilizowekwa ndani ya tanuru, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Ilungu si kichuguu. Usipande juu yake, usifunge ng'ombe hapo, usibomoe udongo wake kupigia plasta nyumba. Mengi yamekwisha hivyo.

Na ipo Milanzi, pembeni ya Sumbawanga, chini ya mlima Itwelele, makao ya ufalme wa kwanza wa Wafipa. Wazee husimulia kwamba wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walifika siku ambayo mfalme amekwenda kuwinda, wakakaa kwenye kiti chake, na ndipo utawala ukahamia kwao, ukaja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Mahali pa aina hii, na milima na vijito vya mizimu, hapana lango wala mtunza funguo anayeonekana, na ndiyo maana wageni hukosea. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye atakupeleka kwa mzee anayehusika. Mzee akisema ukomee hapa, usimuulize sababu mara ya pili. Akisema usiingie na nyekundu, au usipige mluzi, tii. Mkristo anayehofia kushiriki matambiko anaweza kusema kwa upole kwamba amekuja kusikiliza tu. Nimeona wazee wakilipokea hilo vizuri, na nimeona pia vijana wa dini wakifika na kukemea mizimu kwa sauti mbele ya wenyeji wao. Huo si ushuhuda wa imani, ni kumtukana mtu nyumbani kwake.

Mwalimu anayepeleka wanafunzi aandae nini?

Barua ya shule kwa paroko au kwa serikali ya kijiji, ruhusa za wazazi, na maji ya kutosha. Zaidi ya hapo, kila mwanafunzi awe na swali moja la kumuuliza mwenyeji. Karema na vijiji vya jirani bado wapo wazee ambao babu na bibi zao walikombolewa kutoka kwenye misafara, na wapo waliotibiwa na Atiman walipokuwa watoto, kwani aliyekuwa na miaka kumi alipofariki tabibu huyo sasa ni mzee wa miaka themanini hivi. Wanafunzi waandike jina la mzee kwa idhini yake, kijiji, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili au kwa Kibende, Kifipa au Kitongwe. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe parokiani.

Safari hiyo ifanywe mapema, kiangazi kijacho ikiwezekana, kwa kuwa wazee hao wanazidi kupungua.